Sabufa ni mmoja tu

Mtu akisema amenunua sabufa, mara nyingi anamaanisha seti yote: boksi kubwa la mdundo pamoja na spika zake ndogo. Kitu kizima kimepewa jina la kiungo kimoja, na hilo si kosa. Lugha hufanya hivyo kila siku. Wasiwasi wangu uko kwenye sikio. Katika mfumo wa sauti ya kuzunguka uitwao 5.1, ile 5 ni spika tatu za mbele na mbili za ubavuni au nyuma. Sabufa ndiyo hiyo 1 ya mwisho, inayobeba mngurumo wa chini ya hezi 120 hivi. Jina likimtukuza huyo mmoja, hata filamu ya kujaribia huchaguliwa kwa ajili yake: mabomu, magari, vioo vya dirisha kutetemeka.

Atasema mtu kwamba mdundo ndio unaoumbua spika mbovu. Kweli, unaumbua sabufa mbovu. Sauti ya kuzunguka hupimwa kwa kitu kinachohama. Ndiyo maana filamu ya Gravity ya 2013, iliyopata Oscar mbili za sauti, inafaa zaidi: maneno ya wanaanga huhama spika hadi spika kadiri kamera inavyogeuka. Roma ya 2018 nayo hutandaza mitaa ya Mexico City, wachuuzi na mbwa wake, pande zote za msikilizaji. Waya za kushoto na kulia zikipishana, utagundua hapo, si kwenye mlipuko. Seti nzima ningeiita "seti ya spika", ingawa wauzaji, wenye haraka zao, hawataniuliza.