Nchi Kavu, Anga au Majini

Nilipokuwa nafundisha hisabati Morogoro, vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) walikuwa na mchezo wao wa kugawana majeshi kabla hata ya mtihani wa kidato cha sita. Wenye alama za juu walijipeleka anga, waliozaliwa pwani wakachukua majini, na nchi kavu wakaachiwa wengine, kana kwamba kutembea kwa miguu ni adhabu. Sisi tuliomaliza shule miaka ya sabini hatukuulizwa tunataka jeshi gani. Na hayo majeshi matatu yenyewe hayakutokana na mtu aliyekaa mezani akapanga.

Uhuru ulitukuta na askari wa nchi kavu tu. Tanganyika Rifles ilikuwa King's African Rifles ile ile iliyobadilishwa jina, na maofisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, kambi tunayoiita Lugalo leo, waliasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Siku tano baadaye waliokuja kuyazima maasi ni Waingereza wale wale, tena kwa kuitwa, fedheha ambayo wazee wetu hawakupenda kuizungumzia. Jeshi likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo chini ya Mirisho Sarakikya, aliyesomea Sandhurst, na vijana wengi walichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambalo lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Anga ilitufikia kupitia ugomvi wa wengine. Wajerumani wa Magharibi ndio walioanza kutusaidia kuunda kikosi cha ndege, lakini mwaka 1965, tulipowaruhusu Wajerumani wa Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, wale wa Magharibi walifungasha wakaondoka. Wakaja Wakanada na ndege zao za Otter na Caribou. Baada yao Wachina wakaleta ndege za kivita, na hao hao wakatusaidia kuanzisha jeshi la wanamaji mwaka 1971, kituo chake kikiwa Kigamboni. Kwa hiyo kijana aliyeota kuwa rubani, mwalimu wake na lugha ya mafunzo yake viliamuliwa na nani tumepatana naye mwaka ule.

Msomi alikuwa na mlango mmoja: JKT. Mwaka 1966 Serikali ilitangaza kwamba wahitimu watalitumikia taifa miaka miwili, sehemu ya muda huo kambini na sehemu kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawaka, akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao karibu 400. Nyumbani tulisimuliwa kisa hicho kama onyo. Mimi naona hoja yao ya mishahara haikuwa ya kipuuzi. Kilichowaponza ni kuipeleka kwa kiburi mbele ya nchi ambayo wengi wake hawakuwa na mshahara wa kukatwa.

Nilimaliza kidato cha sita 1975, mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma, lililotaka tupite JKT na kazini kwanza ndipo tufikirie chuo kikuu. Kambini afande hakutaka kujua kombi yako. Wote tulikuwa makuruta: mchakamchaka kabla ya jua, kwata, jembe, ugali na maharage, nasi wasichana ndani ya kaptula ambazo mama zetu wangezificha. Waliotaka kubaki jeshini walisubiri usaili, na waliofaulu walipangiwa kazi kulingana na mahitaji. Kisha Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, na jeshi likaongezwa haraka kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Walioingia Kampala Aprili 1979 wengi walifika kwa miguu.

JKT ya mujibu wa sheria ilisitishwa 1994, ikarudishwa 2013 kwa miezi michache tu. Anayeutaka uaskari kwa dhati huingia kwa kujitolea, miaka miwili, akilima na kupiga kwata huku akisubiri usaili, na swali la anga au majini likiwa bado mbali.