Namoya: dhahabu iliingia namna gani ndani ya jiwe jeupe?

Namoya, karibu na Salamabila katika teritware ya Kabambare, dhahabu inapatikana ndani ya mishipa ya jiwe jeupe gumu, kwarizi. Wachimbaji wanaifuata mishipa hiyo ku milima ya Mwendamboko, Kakula na Muviringu. Lakini kila mtu anajua dhahabu haiyeyuki ndani ya maji. Sasa iliingia namna gani?

Ilibebwa na maji ya moto sana. Chini kabisa ya ardhi maji yanaweza kufika digrii 200 hadi 400, na hayageuki mvuke juu ya uzito wa mawe unaoyakandamiza. Ndani yake muko salfa. Salfa inashikana na dhahabu na kuivusha, sawa mtumbwi unavyovusha mtu asiyejua kuogelea. Mzigo wenyewe ni mdogo: mara nyingi tani nzima ya maji yale haibebi hata gramu moja. Ilibidi maji mengi yapite katika ufa uleule.

Maji yakipanda, mtumbwi unaweza kuvunjika. Pengine mkandamizo unashuka. Pengine salfa inakutana na chuma cha mawe, inaiacha dhahabu na kutengeneza piriti, jiwe la manjano linalong'aa. Dhahabu inabaki palepale, pamoja na kwarizi inayoganda.

Kristali kubwa inataka muda. Maji ya chumvi yakikauka polepole kivulini yanatoa punje kubwa. Ukiyachemsha mpaka yakauke, unapata unga. Ndiyo maana wanakemia, wakitaka kristali ya kitu cha metali kisichoyeyuka vizuri, hawachanganyi dawa zao kwa mara moja. Wanaweka kimiminika kimoja juu ya kingine, vikutane kidogo kidogo kwa siku ama majuma.

Kwa mchimbaji, hii ina maana kwamba jiwe jeupe peke yake si ahadi. Pale maji yalipopita bila kuacha mzigo, kwarizi ni tupu. Na kinachong'aa kipigwe nyundo kwanza: dhahabu inakuwa bapa, piriti inavunjika.

Jambo la mwisho ni la afya. Kwarizi ikitwangwa ingali kavu, vumbi lake linaingia ndani ya mapafu na kuleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Jiwe lilowanishwe maji mbele ya kutwangwa, na watoto wakae mbali na kinu.