Kuvu ya ubongo: Kipimo cha dakika 10 kinachosahaulika

MAUMIVU ya kichwa yasiyokoma kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi si jambo la kumeza tembe na kulala. Huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu iitwayo kriptokokasi, na kufikia hapo ugonjwa huwa umekwisha kupiga hatua.

Kuvu hii hupatikana mchangani na katika kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Watu wengi huivuta kwa pumzi pasipo kujua, na mwili wenye kinga imara huidhibiti. Kinga inapoporomoka, huenea kupitia damu hadi kwenye ubongo. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2020 iliwaua watu wapatao 112,000 duniani, karibu mmoja kwa kila watano waliofariki kutokana na Ukimwi. Wengi walikuwa Afrika.

La kutia moyo ni kwamba dalili za kuvu hii huonekana katika damu majuma kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kipimo chenyewe ni kijikaratasi kama kile cha ujauzito: tone la damu tu, na majibu hupatikana kwa dakika 10 hivi. Tangu 2011, Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) limekuwa likipendekeza kipimo hicho kwa wenye chembechembe za CD4 chini ya 100, na mwaka 2018 likaongeza kwamba hata walio chini ya 200 wanaweza kupimwa.

Anayepatikana nayo hutolewa maji ya uti wa mgongo ili ibainike iwapo ubongo umeathirika. Wengi huliogopa zoezi hili, wakidhani ndilo huua. Kinachoua ni ugonjwa wenyewe. Ikiwa ubongo u salama, mgonjwa hupewa flukonazoli, miligramu 800 kila siku kwa wiki mbili, kisha 400 kwa wiki nane, na baadaye kiwango cha chini zaidi. Mama mjamzito sharti amweleze daktari kwanza.

Ubongo ukiwa umeshambuliwa, mgonjwa hulazwa hospitalini, na dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hucheleweshwa kwa wiki nne hadi sita. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa kuzianza mapema huzidisha vifo.

Dar es Salaam na Lusaka, utafiti wa 2015 ulibaini kuwa kupima kuvu hii pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani majuma ya kwanza kulipunguza vifo kwa asilimia 28.

Kizingiti kipo kwingine. WHO iliposhauri mwaka 2015 kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kujali CD4 zake, vituo vingi vililegea kuzihesabu, vikategemea kipimo cha wingi wa virusi. Lakini kipimo hicho hakisemi kinga imeshuka kiasi gani. Anayeanza dawa akiwa amedhoofika, au anayezirejelea baada ya kuziacha, ana haki ya kuuliza: CD4 zangu ni ngapi, na je, nimepimwa kuvu?