Usipoziba Ufa, na Ukiuziba Vibaya

Wahenga walituachia methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nzuri, wala sina ugomvi nayo. Ila wahenga hawakutuambia ufa unazibwa kwa kitu gani, wala ni nani wa kuuziba. Pengine hawakuona haja, maana katika zama zao jambo hilo lilijulikana. Sisi ndio tuliolisahau, na mimi ni mmoja wa waliolisahau kwa gharama.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniita nikaone ufa kwenye ukuta wa nyumba yetu ya urithi, Mji Mkongwe wa Unguja. Ufa wenyewe si mkubwa, unaingia ukucha tu. Kijana alikwisha kununua mfuko wa saruji, kaazima mwiko kwa jirani, na katika simu yake ametazama picha za mtu anayeonyesha namna ya kuziba ufa kwa dakika kumi. "Mjomba," akaniambia, "fundi wa nini? Atatula pesa zetu bure." Nikamtazama, nikajiona mimi mwenyewe mwaka 1996.

Kisa cha mwaka huo nitakusimulieni, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, kwani bila ya historia hakitaeleweka.

Katika pwani yetu, tangu enzi na enzi, palikuwa na nyumba za namna mbili, na kila moja ilikuwa na mtengenezaji wake. Ya kwanza ni nyumba ya miti na udongo. Ndiyo iliyokuwa ya watu wengi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alizitaja nyumba za mbao, ingawa msikiti mkubwa wa mawe ulikwisha kuwapo hapo. Nyumba ya udongo ilijengwa kwa msaada wa fundi na majirani, lakini kuitengeneza ilikuwa kazi ya mwenye nyumba. Masika yakikaribia, udongo mwekundu ulichimbwa, ukamwagiwa maji, watoto wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, kisha watu wakakandika palipobomoka. Makuti yakichakaa yalibadilishwa. Ukikosea, udongo ulidondoka wiki ile ile, ukauokota, ukaukanyaga tena. Nyumba ile ilimsamehe mtu.

Ya pili ni nyumba ya mawe, na hii haikuwa na msamaha wa namna hiyo. Maandishi yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yanataja mwaka wa Kiislamu 500, yaani 1107. Kwa hiyo uashi wa mawe na chokaa kwetu si jambo la juzi. Waashi wale walijua kwamba tumbawe likitolewa baharini huwa laini, linachongeka, na likikaa hewani hukauka likawa gumu. Hilo walilitumia kwa mihrabu na nakshi. Kuta zenyewe walizijenga kwa mawe ya matumbawe ya kuchimba ardhini.

Na chokaa je? Chokaa ni tumbawe hilo hilo lililochomwa. Magogo yalipangwa, mawe yakawekwa juu yake, moto ukawashwa mpaka mawe yakaungua yakawa meupe. Jiwe lililoungua likimwagiwa maji huchemka lenyewe, hupasuka, huwa unga. Unga ule ulilowekwa ukaachwa uive. Fundi hakuwa na haraka nao. Ukishapakwa ukutani, unavuta hewa polepole mpaka unarudi kuwa jiwe. Jiwe likawa unga, na unga ukarudi kuwa jiwe. Mimi naona hii ni elimu kubwa, na ilihifadhiwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Juu ya kuta hizo zililazwa boriti, miti ya mikoko ambayo mingi ilitoka Rufiji. Mkiingia nyumba za kale mtaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi. Watu husema ni mtindo wa Kiarabu. Sababu kubwa ni boriti: haifiki mbali zaidi ya hapo ikabeba uzito. Juu ya boriti walipanga mawe, wakamwaga chokaa, na watu wakajipanga safu wakaipiga kwa vipande vya miti, siku baada ya siku, huku wakiimba, mpaka ikashikana isipitishe maji. Tusisahau pia kwamba katika karne ya 19 wengi wa waliobeba mawe yale kichwani walikuwa watumwa.

Sasa angalieni ujanja wa nyumba hii. Kinachoibeba hakionekani. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta. Chokaa ya nje unayoiona nyeupe ni nguo tu; kazi yake ni kuzuia mvua isiingie na kuruhusu unyevu utoke. Mwenye nyumba aliweza kuipaka rangi ya chokaa kila mwaka, na alifanya hivyo. Lakini ukuta ukitoa ufa alimwita mwashi.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hati ya kuimiliki saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Huku kwetu ililetwa na meli wakati wa ukoloni, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Mimi sina chuki na saruji. Lakini ilibadilisha mawazo yetu. Chokaa ilimhitaji fundi mwenye subira. Saruji inauzwa dukani kwa mfuko, unachanganya na mchanga na maji, kesho yake imekauka. Tukadhani kwamba ufundi nao umo ndani ya mfuko.

Kwa Mji Mkongwe jambo hili lilikutana na jingine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za waliokimbia au waliofukuzwa zilitaifishwa, zikapangishwa kwa familia zilizohitaji makazi. Nyumba iliyokuwa ya familia moja ikakaliwa na nne au tano. Wa chini alitengeneza chake, wa juu akatengeneza chake, na paa, ambalo ni la wote, halikuwa la mtu. Hata Mamlaka ya Mji Mkongwe ilipoanzishwa mwaka 1985, nyingine zilikwisha kuwa viwanja. Hapo ndipo saruji, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa adimu na ya kibali, ilipoanza kujaa madukani.

Basi nirudi kwa 1996. Ukuta wa nyumba ya bibi yangu, upande wa kichochoroni, ulikuwa unabanduka chokaa. Nilimwita fundi mmoja mzee. Akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akasikiliza kama daktari, akasema atahitaji wiki kadhaa kuloweka chokaa, na kwamba kwanza tutazame bomba la paani. Akataja bei. Nikaona mzee huyu anataka kunifanya ng'ombe wa kukamua. Nikanunua mifuko minne ya saruji, nikamwomba rafiki yangu mmoja anisaidie, na kwa Jumamosi mbili tulipiga lipu ukuta mzima. Ukang'aa. Majirani walinisifu, na mimi nikasifika. Bibi alisema tu, "Mjukuu wangu, mbona unasikika mgumu hivi?" Nikamjibu kwamba ugumu ndio uzima.

Mwaka uliofuata ukuta wa ndani ulianza kutoa jasho. Kisha ikaja chumvi, unga mweupe unaopukutika kama ungemwagiwa sukari. Nikaukwangua, nikaupaka rangi ya mafuta, kosa juu ya kosa. Harufu ya unyevu ikazidi hata bibi akaomba kitanda chake kihamishiwe chumba cha pili. Tulikihamisha siku ya Jumatatu, mwezi wa Aprili 1999, masika yamepamba. Usiku wa Ijumaa tulisikia kishindo. Boriti mbili zilikatika kwenye ncha, na dari ya chumba alichokuwa akilala bibi, mawe na chokaa, ikashuka pale pale kilipokuwa kitanda.

Siku nne, ndugu zangu. Nimekaa na hesabu hiyo miaka yote hii.

Yule fundi mzee alikuja, wala hakunicheka, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Alichomoa kipande cha boriti akakivunja kwa vidole, kilikuwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta nao hutoka jasho. Wewe umeuvalisha koti la mvua." Maji yaliingia kutoka kwenye lile bomba bovu la paani ambalo sikulitazama, na mengine yalipanda kutoka ardhini kama kawaida. Zamani yalitokea kwenye chokaa, jua likayakausha. Saruji yangu iliyaziba njia. Yakabaki ndani yakiozesha boriti kimya kimya, na mimi nje napokea sifa.

Basi ni lini mtu atengeneze mwenyewe, na lini aite fundi? Wengi huuliza kazi ni ngumu kiasi gani, au fundi anataka shilingi ngapi. Mimi tangu mwaka ule swali langu ni jingine: nikikosea, nitajua lini? Bawaba ya mlango ukiifunga vibaya utajua mlango ukigoma. Washa ya bomba ukiikosea, utaona tone sasa hivi. Rangi ukiipaka vibaya utaaibika kesho asubuhi. Kazi hizo ni zako. Ukimwita fundi kwa kila bawaba utafilisika. Lakini kosa la ukuta unaobeba hujificha miaka mitatu kisha likaja usiku. Kosa la waya wa umeme ndani ya lipu hujificha mpaka siku ya moto. Paa ni hivyo hivyo.

Najua mtaniuliza: na mafundi wenyewe je? Kuna fundi wa kesho njoo, keshokutwa njoo, anayechukua malipo ya awali na simu ikazimwa. Kuna fundi hodari wa matofali ya saruji ambaye hajapata kushika chokaa, naye akiletwa Mji Mkongwe atafanya nilivyofanya mimi, ila kwa kasi zaidi. Kwa hiyo neno fundi peke yake halitoshi. Mwulize ni ukuta gani kama wako aliutengeneza, kisha nenda ukautazame baada ya kupigwa na masika mawili au matatu.

Na tusidhani kwamba fundi ni mwujiza wa kuita siku ya mwisho. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, na Desemba 25, 2020 sehemu kubwa zaidi ikaanguka wakati matengenezo yanaendelea, watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba hizi zikisubirishwa miaka mingi, hata kuzitengeneza huwa hatari. Hatua chache kutoka hapo, ufukweni, mnaliona lile jengo la dispensari ya zamani, lililoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan. Lilikuwa limechakaa vibaya sana. Miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulilitengeneza, na linasimama mpaka leo na roshani zake za mbao. Nilikuwa nikipita mbele yake kila siku mwaka ule ule wa 1996, nikielekea dukani kununua saruji.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote, tumekaa barazani, mfuko wake umeegemezwa mlangoni. Alinisikiliza, kisha akauliza kama vijana wanavyouliza: "Sasa mfuko huu tuurudishe?" Fundi tuliyempata, mjukuu wa yule mzee, alikuja akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Akasema ufa wa chini si kitu, anachokitaka ni kupanda paani. Chokaa ameiloweka, na ataanza kazi mvua zikikatika.

Mfuko hatukuurudisha. Kijana aliutumia kutengeneza karo la kufulia kule uani, peke yake, kwa siku moja. Limepinda kidogo upande mmoja, lakini halivuji.