Zahanati Ikikufahamu, Unatibiwa Vizuri Zaidi

Mgonjwa wa presha anayeishi milimani Upare akipimwa kijijini leo, kesho akanunua dawa Same mjini, nani anajua anameza nini? Anaweza kumeza dawa ileile mara mbili, au kuiacha bila mtu kugundua.

Ndiyo maana tunasisitiza kuwa na kituo kimoja kinachokufahamu. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Hapo kumbukumbu zako hutunzwa, na ukizidiwa unapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya.

Msikilizaji, ukitoka hospitali, rudisha majibu zahanati. Beba kadi na dawa zote unazotumia. Usipoelewa, uliza, ni haki yako.