Kuona Bila Kuonekana: Vituo vya Kutazamia vya Lanzarote

Lanzarote ni kimojawapo cha Visiwa vya Kanari, sehemu ya Uhispania iliyo katika Bahari ya Atlantiki mkabala na pwani ya Afrika. Kisiwa chote kimezaliwa na volkano. Hakina misitu wala mito. Ardhi yake ni miamba myeusi, majivu, na vilima vyenye kasoko vileleni. Katika nchi tupu kama hiyo jengo lolote refu huonekana kutoka mbali. Kwa karne nyingi jambo hilo lilihusu usalama wa watu, na baadaye tu ndipo lilipokuja kuwahusu wasanifu majengo.

Kituo cha kale kinachojulikana zaidi ni Ngome ya Santa Bárbara, iliyojengwa ukingoni mwa kasoko ya Guanapay, juu ya Teguise, mji mkuu wa zamani. Kilima hicho kilichaguliwa kwa sababu mlinzi aliyesimama juu yake aliweza kuona merikebu zikiwa bado mbali na pwani. Lakini ngome iliyoona mbali ilionekana pia kutoka mbali. Mwaka 1586 haramia Morato Arráez kutoka Algiers alivamia kisiwa na kuiteka. Mhandisi Mwitaliano Leonardo Torriani, aliyetumwa na Mfalme Felipe II kukagua ulinzi wa Kanari, aliipima ngome hiyo na kupendekeza namna ya kuiimarisha.

Wakazi wa kawaida walikimbilia kwingine. Zamani za kale volkano ya La Corona, kaskazini mwa kisiwa, ilimwaga zaha iliyotiririka hadi baharini. Zaha ya juu ilipoa na kuganda, ile ya chini ikaendelea kutiririka mpaka ikaacha handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6. Sehemu yake moja, Cueva de los Verdes, ilikuwa maficho ya wanakijiji kila maharamia waliposhuka pwani. Hata hivyo, katika uvamizi wa mwaka 1618 maficho hayo yaligunduliwa, na mamia ya watu wakachukuliwa mateka. Aliyekuwa pangoni hakuonekana, lakini naye hakuona adui alipokuwa akikaribia.

Tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka upande wa magharibi wa kisiwa, katika eneo la Timanfaya, na milipuko ikaendelea kwa vipindi hadi Aprili 1736. Padri wa kijiji cha Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika kumbukumbu za miezi ya mwanzo, akieleza jinsi vijiji na mashamba vilivyofunikwa. Takriban robo ya kisiwa iligeuka kuwa bahari ya zaha na majivu. Mandhari hiyo ndiyo iliyokuja kuwavuta wageni katika karne ya 20.

Kituo kilichounganisha kuona na kujificha kilianzia vitani. Mwisho wa karne ya 19, Uhispania ilipopigana na Marekani mwaka 1898, ilihofiwa kwamba manowari za Marekani zingeshambulia Kanari. Kituo cha mizinga kikawekwa juu ya genge la Famara, kwenye ncha ya kaskazini, ili kulinda El Río, mlango bahari mwembamba unaotenganisha Lanzarote na kisiwa kidogo cha La Graciosa. Hapo ni takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na ukuta wa mwamba unaporomoka karibu wima hadi ufukweni.

Mahali hapohapo palijengwa Mirador del Río, kituo cha kutazamia mandhari kilichofunguliwa mwaka 1973. Wazo lilikuwa la César Manrique, mchoraji na mchongaji aliyezaliwa Arrecife, Lanzarote, mwaka 1919, akaishi New York katikati ya miaka ya 1960, kisha akarejea nyumbani. Rafiki yake tangu ujana, Pepín Ramírez, alikuwa rais wa Cabildo, yaani halmashauri ya kisiwa, na fedha za kazi hiyo zilitoka katika halmashauri hiyo. Manrique alishirikiana na msanifu majengo Eduardo Cáceres na Jesús Soto, ambaye tayari alikuwa ameweka taa ndani ya Cueva de los Verdes bila kuharibu umbo la pango.

Badala ya kuinua mnara juu ya genge, mafundi walichimba mwamba, wakajenga kumbi mbili zenye kuba ndani ya shimo, kisha wakazifunika kuba hizo kwa mawe na udongo wa mahali palepale. Anayefika kwa gari hukuta ukuta uliopinda wa mawe meusi usio na dirisha hata moja. Akiingia, hupita katika ujia mwembamba uliopakwa rangi nyeupe, unaokata kona na kumfichia kinachofuata. Ndipo hutokea ukumbini, mbele ya vioo viwili vikubwa vilivyopinda kufuata umbo la genge. Chini huonekana La Graciosa yote, vilima vyake vya volkano, na mashamba ya kale ya chumvi kando ya mlango bahari. Kwa kuwa kuba hurudisha sauti, Manrique alining'iniza darini sanamu mbili kubwa za vyuma ili kupunguza mwangwi. Kutoka chini baharini, aliyeko kwenye mashua hupata shida kutofautisha jengo na jabali.

Huko Timanfaya tatizo lilikuwa tofauti. Mkahawa wa El Diablo, uliofunguliwa mwaka 1970, umesimama juu ya ardhi ambayo joto lake, mita chache tu kwenda chini, hupita nyuzi 100 za Selsiasi. Ulijengwa kwa mawe, vyuma na vioo, vifaa vinavyostahimili joto, nao ni wa duara na mfupi, wenye vioo pande zote za kutazamia vilima. Nyama huchomwa juu ya shimo kwa joto la volkano yenyewe. Mwaka 1974 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Manrique alitaka kanuni hiyohiyo ifuatwe kisiwani kote: nyumba ziwe fupi, kuta zipakwe chokaa nyeupe, na mabango ya matangazo yaondolewe kando ya barabara. Alifariki katika ajali ya gari Septemba 1992, na mwaka uliofuata UNESCO iliitambua Lanzarote kuwa hifadhi ya biosfia. Mtindo wa Mirador del Río ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Mirador de la Peña, aliyoibuni kisiwani El Hierro, ilifunguliwa mwaka 1989, na Mirador de Palmarejo ya kisiwa cha La Gomera ilikamilishwa mwaka 1995 baada ya kifo chake. Zote mbili zimejengwa kwa mawe ya mahali zilipo, ukingoni mwa magenge, huku paa zake zikiwa chini kuliko ardhi iliyo nyuma yake au zikifuata mteremko wake.