Halo: Upinde uliochekwa kuwa ni 'kamba ya ndala' unavyookoa maisha ya madereva wa Formula 1

Msimu mpya wa Formula 1 unaanza Machi 8, 2026 mjini Melbourne, Australia, na mashabiki wameshaanza kubishana. Nani atachukua ubingwa? Lewis Hamilton atazinduka akiwa na Ferrari? Cadillac, timu mpya kabisa, itapata hata pointi moja?

Lakini kuna kitu kiko kwenye magari yote 22 na siku hizi karibu hakuna anayekibishia: Halo.

Mwaka 2018 hali haikuwa hivyo. Kifaa hiki kiliwagawa mashabiki, madereva na hata wakuu wa timu. Haya ndiyo unayopaswa kujua kukihusu kabla taa za kuanzia mbio hazijazimwa.

Halo ni nini?

Ni upinde wa titaniamu unaozunguka juu ya kichwa cha dereva. Umeshikiliwa sehemu tatu: nyuma kushoto, nyuma kulia, na nguzo moja nyembamba mbele ya macho yake.

Wenyewe una uzito wa kilo 7 hivi. Lakini unaweza kuhimili mzigo wa takriban tani 12. Piga picha ya basi la ghorofa mbili limekaa juu yake.

Kazi yake ni moja tu: kuzuia kitu kikubwa kisifike kichwani. Inaweza kuwa tairi lililochomoka, gari la mwenzake au ukuta.

Sasa dereva anaonaje mbele?

Hili ni swali la kila shabiki mgeni. Jaribu hivi: weka kidole kimoja mbele ya pua yako, kisha tazama kitu kilicho mbali. Utaona kidole kama kivuli tu, na kile cha mbali bado unakiona, kwa sababu kila jicho linatazama kutoka upande wake.

Nguzo ya Halo inafanya kazi vivyo hivyo. Dereva anatazama mbali, na ubongo wake unaizoea.

Kwa nini iliundwa?

Mwaka 1994, Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walifariki Imola, Italia, ndani ya siku mbili. Baada ya hapo magari na viwanja viliboreshwa sana. Lakini kichwa cha dereva kilibaki wazi.

Mwaka 2009, Henry Surtees, kijana wa miaka 18, alifariki katika mbio za Formula 2 Uingereza baada ya kugongwa kichwani na tairi la gari jingine. Siku chache baadaye Felipe Massa wa Ferrari alipigwa na springi iliyochomoka kwenye gari lililokuwa mbele yake huko Hungary. Alinusurika. Mwaka 2015, Justin Wilson alifariki katika mbio za IndyCar, Marekani, kwa kupigwa na kipande cha gari.

FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, likaamua: kuanzia 2018 Halo ni lazima.

Mbona ilichukiwa?

Kwanza, sura. Mashabiki waliifananisha na kamba ya ndala. Hamilton mwenyewe aliiponda ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2016. Bosi wa Mercedes, Toto Wolff, alisema angepewa msumeno wa mashine angeikata.

Pili, utamaduni. Wapo waliosema gari la Formula 1 ni la wazi, na hatari ni sehemu ya mchezo. Romain Grosjean, dereva wa Haas, alikuwa miongoni mwa waliopinga.

Likumbuke jina hilo.

Siku 4 zilizomaliza ubishi

1. Ubelgiji, Agosti 2018. Mbio zimeanza tu, gari la Fernando Alonso linagongwa kwa nyuma, linaruka na kupita juu ya gari la Charles Leclerc. Halo ya Leclerc inabaki na alama za tairi. Uchunguzi wa FIA ulionyesha kuwa bila Halo, huenda kipande cha bawa la mbele la gari la Alonso kingegusa kioo cha helmeti yake.

2. Bahrain, Novemba 2020. Grosjean anagonga ukuta wa chuma kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa. Gari linakatika vipande viwili na kulipuka moto. Mgongano ulifika 67G, yaani mwili wake ulibeba mara 67 ya uzito wake. Halo ikapasua njia kwenye chuma, kichwa kikabaki salama. Alikaa ndani ya moto sekunde 28, kisha akatoka mwenyewe akiwa na majeraha ya moto mikononi. Akiwa hospitalini alikiri kwamba hakuitaka Halo, lakini bila hiyo asingekuwa hai.

3. Italia, Septemba 2021. Gari la Max Verstappen linapanda juu ya la Hamilton pale Monza. Tairi la nyuma linagusa helmeti ya Hamilton, lakini uzito wa gari unabebwa na Halo. Hamilton, yule yule aliyeiponda, akaishukuru hadharani.

4. Uingereza, Julai 2022. Gari la Zhou Guanyu linapinduka Silverstone, linaserereka kichwa chini na kuruka hadi kwenye wavu wa uwanja. Nguzo ya juu ya gari, ile ya kulinda dereva linapopinduka, ilivunjika. Halo ikabaki. Zhou akatoka mzima.

Kwa hiyo Halo inatosha?

Hapana, na hapa ndipo mashabiki wengi hukosea.

Jules Bianchi aligonga mashine ya kuondolea magari kwenye mvua huko Suzuka, Japani, Oktoba 2014, akafariki Julai 2015. Alikuwa baba wa ubatizo wa Leclerc. Kwa ajali kama ile, FIA iliona Halo isingebadilisha matokeo. Jibu lake lilikuwa kanuni: tangu 2015 kuna mfumo unaowalazimisha madereva wote kupunguza kasi kwa pamoja hatari inapotokea.

Na Agosti 2019, Anthoine Hubert, miaka 22, alifariki katika mbio za Formula 2 Ubelgiji. Gari lake lilikuwa na Halo, ila liligongwa ubavuni kwa kasi kubwa.

Ndiyo maana usalama hujengwa kwa tabaka: helmeti, nguo zisizoshika moto, kifaa cha kukinga shingo, ubavu imara, kuta zinazofyonza mshtuko na madaktari walio tayari.

Kipya msimu wa 2026

- Nguzo ya juu ya gari sasa lazima ihimili 20G badala ya 16G.
- Pua ya gari imeundwa kufyonza mgongano kwa hatua mbili, ili ikipotea sehemu ya kwanza bado kuwe na kinga gari likigonga tena.
- Magari ni mafupi na membamba zaidi, na uzito wa chini kabisa umeshuka hadi kilo 768.
- Karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme, kwa hiyo kuna taa za pembeni zinazoonyesha kama ni salama kuligusa gari lililosimama.

Timu za kutazama

- McLaren: Lando Norris, bingwa wa 2025 kwa pointi 2 tu dhidi ya Verstappen, na Oscar Piastri.
- Red Bull: Verstappen na Isack Hadjar.
- Ferrari: Leclerc na Hamilton. Wote wawili Halo zao zina historia, kama ulivyosoma hapo juu.
- Mercedes: George Russell na kijana Kimi Antonelli.
- Audi: wamechukua nafasi ya Sauber, wakiwa na Nico Hülkenberg na Gabriel Bortoleto.
- Cadillac: timu ya 11, na wakongwe Sergio Pérez na Valtteri Bottas.

Mbio za Melbourne zitaanza saa 1 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Ubishi wa nani bingwa uendelee tu. Ila ukiona gari limeruka na dereva akatoka anatembea, usiseme ni bahati peke yake. Kuna watu walifariki kwanza, ndipo upinde ule ukawekwa.